Mdudu Aliyeitwa Mkimbizi

Boti ilipogota mchangani Kinyabwe, abiria wote walipokelewa isipokuwa mmoja. Wanawake waliokuwa wakingoja ufukweni walipokezana mabeseni, watoto na madumu ya mafuta ya taa, wakaulizana habari za Kigoma mjini. Elinipa alibaki amesimama kwenye ukingo wa boti, mkoba begani, viatu mkononi, akingoja mtu amshike mkono ashuke. Hakuna aliyeunyoosha. Mwishowe akaruka mwenyewe, maji yakamlowesha hadi mapajani, na kicheko kikapita pwani nzima.

"Bibi shamba huyo," akasema mmoja, kwa Kiswahili, makusudi ili asikie. "Amekuja kuwatetea wageni wetu."

Elinipa alivaa viatu vyake juu ya miguu yenye mchanga, akapanda ngazi ya mawe kuelekea kijijini. Alikuwa mwanamke wa Upareni, mzaliwa wa milimani huko Mamba, na Kigoma aliletwa na kazi tu. Hakupapenda, wala hakujua kuficha. Alilalamikia mawese katika kila chakula, alilalamikia joto la chumba alichopanga mtaa wa Rusimbi mjini, na zaidi ya yote alilalamikia watu wanaogeuza maneno kuwa Kiha kila anapoingia mahali. Kila mwaka aliomba uhamisho arudi Same. Kila mwaka hakujibiwa.

Safari hii mkuu wake, Bwana Herman, alikuwa amemwita pembeni kabla hajaondoka.

"Elinipa, nakujua. Usiende kule na elimu nyingi. Kijiji kinasema mdudu ameletwa na wakimbizi. Wewe simama mkutanoni, sema ndiyo, ukate mzizi wa fitina. Wale watu wenyewe walitakiwa wawe kambini, si vijijini. Ukilimaliza hili vizuri, ule uhamisho wako nitausemea."

Elinipa aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia tu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa nane wa mwaka huo, mwaka wa tisini na nane, vita vya ng'ambo ya ziwa viliwaka upya, na watu wakaanza tena kuvuka kwa mitumbwi usiku na mchana. Wengi walipelekwa kambini. Wachache wenye jamaa au marafiki pwani hii walibaki vijijini kimya kimya. Na katika mwezi ule ule, watu wa Kinyabwe walianza kuona vipepeo wadogo wakitoka kwenye mahindi yao. Ukitikisa mahindi darini, wanaruka kama makapi yaliyopeperushwa. Ukichukua punje, ni nyepesi, ina kitundu cha mviringo, na ndani hamna kitu. Watu hawakutafuta jina kwa mbali. Walimwita mdudu yule mkimbizi.

Mwenyekiti wa kijiji, Pastory, alimpokea Elinipa mlangoni kwake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyocheka.

"Karibu, mtaalamu. Mkutano ni alasiri, pale uwanja wa kuanikia dagaa. Utasema maneno machache tu, halafu utakula samaki, utalala kwangu, asubuhi utapanda boti."

"Nitasema nini, mwenyekiti, na sijaona kitu?"

"Uone nini? Sisi tumekwisha kuona."

"Nianze na ghala lako."

Pastory akatoa ufunguo mfukoni kama mtu anayeng'olewa jino.

Ghala lilikuwa kubwa kuliko mengine yote kijijini, na mahindi yalirundikwa na magunzi yake hadi karibu na bati. Joto lililotoka mlangoni lilikuwa la unyevu, lenye harufu ya uvundo. Elinipa alipopiga rundo kwa kiganja, nondo, wale vipepeo wadogo, waliinuka wengi, wakazunguka bila nguvu, wakatua tena. Mmoja alitua kwenye mkono wa blauzi yake. Aliinama akamtazama.

Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu ya ngano, yenye mng'ao hafifu wa hariri, na kidoa cheusi kisichoonekana vizuri kwenye bawa. Alifunga mabawa yake juu ya mgongo kama paa la nyumba ndogo. Elinipa alimfungua bawa kwa ncha ya sindano aliyoitoa mkobani, na bawa la nyuma likajitokeza, jembamba, lililochongoka mwishoni kama kidole kinachoonya, na pembeni lina nyuzinyuzi ndefu kama pindo la kanga iliyochanika. Alimjua. Alimjua tangu utoto wake, darini kwa mama yake huko Mamba, ambako moshi wa jikoni ulipokosekana msimu mmoja tu, mdudu huyu alijaa.

Alichimba chini ya rundo kwa mkono. Huko chini kulikuwa na unga mkavu wa zamani, maganda na mabawa yaliyokufa.

"Mahindi haya ulivuna lini?"

"Mwezi wa nne. Mvua hizo za El Nino hazikutupa nafasi."

"Yakiwa mabichi?"

"Tungeyaacha yaoze shambani?"

"Basi huyu ameanza kula mwezi wa tano, mwenyekiti. Huu uchafu wa chini ni wa vizazi na vizazi. Wakimbizi walikuwa bado hawajavuka."

Pastory alifunga mlango wa ghala. "Hilo," alisema, "usiliseme mkutanoni."

*

Mkimbizi aliyetajwa kuliko wote alikuwa Wema, mwanamke wa pwani ya Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyekaa kwa mama mmoja mjane aitwaye Leonia. Marehemu mume wa Leonia alizoea kuvuka kununua mawese, na alikuwa akilala kwa mume wa Wema. Vita vilipofika, Wema alikumbuka nyumba hiyo, akavuka na watoto wake wawili na gunia moja la mahindi. Mume alibaki nyuma kuangalia mama yake mgonjwa, na tangu hapo hakukuwa na habari zake.

Leonia alimkaribisha Elinipa kwa hofu, akimfutia kigoda kwa kanga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yebaba we, wamekutuma utuchomee nyumba?"

"Nimekuja kuangalia mahindi tu."

Wema alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha uani. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, na alimkata Elinipa jicho toka kichwani hadi kwenye viatu vyenye mchanga.

"Munataka kuona nini tena?" alisema. "Mulifungua mifuko yangu ku forodha. Mulifungua nguo za watoto. Sasa munafungua na mahindi?"

"Fungua gunia, dada. Nina kazi nyingi."

"Mimi sina kazi. Mimi niko mukimbizi."

Lakini alilifungua. Alipiga magoti, akaachanisha uzi kwa meno, akakunja mdomo wa gunia. Nondo wawili wakatoka, wakapita baina ya nyuso zao. Elinipa alichota mahindi, akayageuza kiganjani. Yalikuwa yamepukuchuliwa, makavu, mazuri, ila punje za juu zilikuwa na vile vitundu vya mviringo.

Alitamani nondo wasingekuwamo. Kama gunia lingekuwa safi, kazi yake ingekuwa nyepesi. Sasa ilibidi aseme ukweli mgumu kuliko huo: kwamba mdudu alikuwa kwa Wema na kwa kila mtu.

"Umefurahi?" Wema aliuliza.

Elinipa alitoka, akashuka bondeni kando ya mto, ambako kulikuwa na kishamba cha mahindi ya kiangazi yaliyokaukia kwenye mabua. Alivunja hindi moja, akalimenya. Katika safu ya juu, punje kadhaa zilikuwa na kidirisha chembamba kama ngozi ya kitunguu, na nyuma ya kidirisha hicho kiwavi mweupe alikuwa amejikunja, akijiandaa kutoka. Mahindi haya hayajawahi kuingia nyumba yoyote.

*

Uwanja wa kuanikia dagaa ulijaa. Watu walisimama baina ya vichanja, wengine wakakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Pastory alisema maneno mafupi, kisha akamgeukia Elinipa.

"Mtaalamu wa serikali yuko hapa. Atuambie. Mdudu huyu ametoka wapi?"

Elinipa aliona nyuso zile, akajua kabla hajafungua mdomo kwamba hakuna hata mmoja anayeuliza. Aliinua lile hindi.

"Mdudu huyu hakutoka popote," alisema. "Yupo. Yupo kwetu Upareni, yupo pwani ya bahari, yupo Bukoba, yupo ng'ambo kule, yupo India na Ulaya. Palipo na nafaka, yupo. Hata ghala halihitaji. Hutaga mayai kwenye hindi likiwa shambani, na kiwavi huingia ndani ya punje, nanyi mnamleta nyumbani wenyewe. Hindi hili nimelivunja sasa hivi bondeni."

"Amerukia huko kutoka kwa Leonia!" mtu alipiga kelele.

"Mbona zamani hatukumwona?" akauliza mwingine.

"Mlimwona, hamkumjali. Mwaka huu mvua zilizidi, mkaweka mahindi mabichi, na magunzi yake. Unyevu na joto ndivyo vimemzidisha. Dawa ni kupukuchua mahindi, kuyaanika jua kali, kuyachanganya na majivu makavu, na kujaza gunia pomoni. Yeye hana nguvu ya kuchimba. Akikosa upenyo anakufa juu juu."

Kwa punde moja alidhani wamesikia. Halafu mzee mmoja aitwaye Anatoli, mwenye shamba kubwa mlimani, akasimama.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Same."

"Una shamba hapa?"

"Sina."

"Una ndugu hapa?"

"Sina, mzee."

"Basi huna njaa hapa," alisema, akakaa.

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Watu wakaanza kusema kwa Kiha, kwa pamoja, na Elinipa akaachwa katikati na hindi lake. Alimsikia Pastory akisema jina la Wema. Akaona vijana wakitoka nyuma ya uwanja, mmoja na dumu la mafuta ya taa, wakishika njia ya kwa Leonia.

Alikimbia. Hakujua kwa nini alikimbia, maana hakumpenda mwanamke yule, na yule hakumpenda. Labda ni uongo ule uliomuudhi, uongo juu ya kitu anachokijua. Alikatiza baina ya nyumba, akafika uani mwa Leonia akihema, akamkuta Wema ameketi juu ya gunia lake, watoto nyuma yake. Leonia alikuwa amejifungia ndani.

Vijana walifika, na kijiji kizima nyuma yao.

"Toka, bibi shamba."

"Mnataka kuchoma gunia?"

"Tunachoma mdudu."

Hapo ndipo Elinipa aliposema uongo wake. Aliusema kwa sauti ya ofisini, sauti kavu aliyoichukia kwa Bwana Herman.

"Chomeni. Ni sawa kabisa. Sheria ya serikali inasema nafaka yoyote yenye mdudu huyu ichomwe. Lakini sheria haichagui. Nikishuhudia gunia hili limeungua, kesho narudi na askari, nachoma kila ghala nitakalokuta nondo ndani. Naanza na la mwenyekiti. Nimelifungua leo, nimeona. La kwako, mzee Anatoli, nitalifungua pia. Haya, nani anawasha?"

Hakukuwa na sheria ya namna hiyo. Lakini watu wale walikuwa wameishi na serikali kwa muda mrefu, na sheria isiyojulikana haikuwa jambo geni kwao. Mwenye dumu alimtazama Pastory. Pastory aliutazama mlango wa Leonia.

"Na nasema hivi," Elinipa aliongeza, maana alikwisha kuingia majini. "Mwezi ujao nitarudi kukagua. Ghala litakalokuwa na nondo siku hiyo, ni moto."

"Mwanamke mchawi," mtu akasema polepole.

Walitawanyika mmoja mmoja, bila haraka, wakitema mate njiani. Jiwe moja lilitupwa, likagonga bati, likaanguka.

Elinipa alijiegemeza ukutani. Alimgeukia Wema, na ukweli ni kwamba alitegemea neno la shukrani.

"Nani alikuomba?" Wema alisema.

"Wangechoma chakula cha wanao!"

"Wangechoma gunia. Wangelichoma, roho zao zingetulia, nami ningelala. Wewe utapanda boti asubuhi. Mimi nitabaki hapa na watu ambao umewaambia ghala zao zitaungua kwa ajili yangu. Umefikiri hayo?"

Elinipa hakuwa ameyafikiri.

Jioni hiyo hakuna aliyemletea samaki. Alilala kwenye mkeka wa Leonia bila kula, na asubuhi, aliposhuka ufukweni, alimkuta Wema tayari ndani ya boti, watoto mapajani, gunia miguuni. Leonia alikuwa amemwambia aondoke. Alimwambia akilia, lakini alimwambia.

Njia yote hadi pwani ya Kibirizi, Kigoma mjini, walikaa mbali, mmoja mbele, mmoja nyuma. Waliposhuka, lori la kwenda kambi ya Lugufu lilikuwa likipakia watu. Elinipa alishika pembe moja ya gunia, Wema akashika nyingine, wakalirusha juu bila kutazamana.

"Yale majivu uliyosema mkutanoni," Wema alisema akiwa ameshika bomba la lori. "Ya kuni gani?"

"Zozote. Yawe makavu, uyachekeche. Kopo moja kwa debe."

Wema akapanda. Hakuaga.

*

Pastory alifika ofisini kabla wiki haijaisha. Alichokisema hakijulikani chote, lakini Bwana Herman alimwita Elinipa akiwa mwekundu wa macho.

"Sheria ya kuchoma maghala umeitoa wapi?"

"Kichwani."

"Basi kichwa hicho hakiendi Same."

Uhamisho ulitoka kweli, ila ulikuwa wa kusini kabisa mwa ziwa, kijiji kinachofikiwa kwa meli tu. Elinipa alikuwa akifunga mizigo yake Rusimbi wakati Leonia alipobisha hodi, na kikapu kichwani.

"Nimekuletea mahindi, mwanangu. Ya kwetu."

Elinipa alichota, akayageuza karibu na dirisha. Yalikuwa magumu, yanang'aa, hayana tundu hata moja. Alichota tena kutoka chini. Safi.

"Mmefanyaje?"

"Si ulisema utarudi kuchoma? Watu hawakulala. Walipukuchua usiku na mchana, wakatenga mabovu, wakaanika mpaka njiani, wakaweka majivu kama ulivyosema. Mwenyekiti ndiye wa kwanza. Nondo wamekwisha, huwaoni kabisa."

Elinipa alisikia furaha ikimpanda kifuani, furaha ya kwanza tangu afike Kigoma. "Basi wamekubali," alisema.

Leonia alitazama chini. "Watu wanasema, si mliona? Alipoondoka yule mwanamke, na mdudu akaondoka."

Elinipa alicheka, kicheko kifupi kibaya kilichomshtua hata yeye.

"Na wewe, mama? Unasema nini?"

"Mimi nalala pale," Leonia alisema. "Nasema wanavyosema."

Alikusanya kanga yake, akasubiri mahindi yamwagwe kwenye mfuko, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kunywa chai. Elinipa akaufunga mfuko mdomo kwa kamba. Meli ilikuwa bado haijafika kutoka kusini. Siku iliyofuata alidandia gari lililopeleka mbao Lugufu, akafika jua likiwa katikati ya kichwa, akaulizia, akarushwa kutoka mtaa huu wa maturubai hadi ule, kila mtu akimtazama mkoba wake kama mkoba wa polisi.

Wema alikuwa akitwanga nje ya hema lake. Alimwona, akasimamisha mchi.

"Umekuja kuchunguza tena?"

"Nimeleta mahindi. Yametoka kwa Leonia."

Wema aliupokea mfuko, akaufungua palepale. Alichota kiganja, akazipitia punje moja moja kwa kidole gumba, akitafuta tundu. Akachota kingine. Hakuwa na haraka, na uso wake haukulegea. Alipomaliza, alimimina yote kinuni, akachukua tena mchi.

"Kaa kivulini," alisema. "Jua la huku ni baya."